Mtoto wa wiki 10 anacheua kila akila: mto na unga kwenye chupa vinafaa?

Mama_Kifungua
Mtoto ana wiki 10, kilo 5, anatumia maziwa ya kopo: mililita 150 mara 6 kwa siku. Kila akimaliza anacheua, mengine yanatokea puani. Hana homa na uzito unapanda. Nimeshauriwa nimwekee mto na nichanganye unga wa nafaka kwenye chupa. Ni sawa?

Nesi_Watoto
Vyote viwili acha, dada. Piga hesabu kwanza. Umri huo anahitaji takriban mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani 750. Wewe unampa 900. Kilango cha juu ya tumbo bado kilegevu, na tumbo likijaa pomoni maziwa hurudi juu. Mpe 90 hadi 95, mara 8. Akigeuza uso ameshiba, usimlazimishe amalize.

Kisha kagua chuchu ya chupa. Ipindue: maziwa yadondoke kama tone moja kwa sekunde. Yakitiririka, tundu ni kubwa mno, naye anagugumia na kumeza hewa. Mbeulishe katikati ya mlo na mwishoni, halafu mshike wima dakika 20 hadi 30 bila kumrusharusha. Nepi isimbane tumbo. Kiti cha gari hakifai baada ya kula, kwani humkunja na kuliminya tumbo.

Baba_Pacha
Ukikoroga maziwa, zungusha chupa taratibu badala ya kuitikisa, na usubiri povu litulie. Povu lile ni hewa anayokwenda kuimeza.

Mkunga_Zamu
Kuhusu mto, tafadhali sana: alale chali, godoro gumu na bapa, hata kama anacheua. Wengi huogopa atapaliwa, lakini akiwa chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yanayorudi hubaki chini. Juu ya mto huteleza, kidevu kikaangukia kifuani na pumzi ikabanwa. Unga nao unaweza kumpalia. Maziwa mazito maalumu yapo, ila ni kwa ushauri wa daktari baada ya kiasi kurekebishwa.

Mwaga kijiko kikubwa cha maji, mililita 15, kwenye kitambaa uone doa linavyotanda. Mara nyingi anachocheua ni kidogo kuliko kinavyoonekana.

Nesi_Watoto
Naongezea: kucheua huzidi karibu na miezi 4, na wengi huwa wameacha wakitimiza mwaka. Ila usingoje, mpeleke hospitali siku hiyohiyo akitapika kijani au damu, matapishi yakiruka kwa nguvu kila mlo, utosi ukivimba, akiwa na homa, au akikaa saa 8 bila kukojoa. Uzito ukisimama, au kinyesi kikiwa na damu, apimwe pia. Huenda ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe.