Mwanangu yuko mafunzoni, nyumba imebaki kimya

Mama wa Voi: Kitinda mimba wangu amejiunga na Jeshi la Wanamaji la Kenya, na hadi leo bado ninasonga ugali wa watu wawili. Wenzangu mlizoeaje?

Mzazi wa Likoni: Pole, dada. Wangu alipopangiwa kambi ya Mtongwe nilidhani ningemwona kila Jumapili, kwa kuwa ni jirani, kumbe meli ikitoka kwenda doria hata simu haishiki, nami ikanibidi nizoee kutochukulia kimya chake kuwa habari mbaya.

Baba Wawili: Mafunzo yakiisha, wazazi hualikwa kwenye gwaride la kuhitimu, hivyo anza kuweka nauli mapema. Ugali uliozidi mwite jirani mle pamoja. Kula peke yako ndiko kunakoumiza zaidi.

Mama wa Voi: Asanteni. Nauli nitaiweka kwenye chama.