Jackie Coogan: mamilioni yalikwenda wapi, na akaunti yenye jina lake inafanyaje kazi?

Mpenda_Sinema
Wakuu, salaam. Naomba ufafanuzi kuhusu Jackie Coogan, yule mtoto aliyecheza na Charlie Chaplin kwenye The Kid (1921). Kila mahali inaandikwa kwamba alivuna mamilioni utotoni akafika ukubwani karibu mikono mitupu. Fedha zilipoteaje hasa? Na hii "akaunti ya Coogan" inayotajwa kwenye mikataba ya watoto kule California inafunguliwaje, na inamlinda mtoto kiasi gani?

Reli_ya_Zamani
Mkuu, "zilipotea" si neno lake. Kwa sheria ya California ya wakati ule ujira wa mtoto ulikuwa mali ya wazazi. Walizitumia zikiwa zao kisheria, na hapo ndipo panapouma.

Alizaliwa Los Angeles, 26 Oktoba 1914. Chaplin alimwona jukwaani 1919. Kipaji chenyewe kitazame kwenye The Kid, pale anapotaka kuvunja dirisha ili Chaplin aje kuuza kioo kipya: anavuta mkono nyuma arushe jiwe, mkono unamgusa polisi aliyesimama mgongoni kwake. Hageuki kwa pupa. Analirusharusha jiwe na kulidaka kama mtoto anayecheza tu, kisha anachomoka mbio. Umri wake ulikuwa kama miaka 5!

Pato lake la utotoni hukadiriwa dola milioni 3 hadi 4, naye akipewa dola 6.25 kwa wiki za matumizi. Mei 1935 baba yake alifariki katika ajali ya gari. Kati ya waliokuwamo, Jackie peke yake alinusurika. Oktoba mwaka huo alitimiza miaka 21, fedha hakukabidhiwa. Mama yake aliolewa na Arthur Bernstein, aliyekuwa msimamizi wa mali za familia, na Aprili 1938 Jackie akawashtaki wote wawili. Kufikia hapo kilichosalia ni takriban dola 250,000. Mwaka 1939 akaambulia nusu yake, kama dola 126,000.

Mwaka huohuo California ikapitisha sheria ya kulinda pato la watoto waigizaji, lakini ilikuwa na tundu kubwa. Jaji aliweza kuagiza hadi nusu ya pato halisi (baada ya makato) iwekwe akiba, ila kwa mikataba iliyopelekwa mahakamani tu. Studio zilipeleka mikataba mirefu, kwa sababu ukishaidhinishwa mtoto hawezi kuukana. Kazi za siku mbili tatu hazikufika huko. Shirley Temple, mtoto nyota mwingine wa filamu, naye alipata zaidi ya dola milioni 3, na akiwa na miaka 22 akakuta takriban 44,000.

Mizania
Niongezee upande wa akaunti. Utaratibu wa sasa ulianza 1 Januari 2000: asilimia 15 ya pato ghafi, yaani kabla ya kamisheni na makato yoyote, mwajiri anaipeleka moja kwa moja kwenye akaunti ya amana iliyofungwa. Haitolewi hadi mtoto afikishe miaka 18, isipokuwa kwa amri ya mahakama.

Mzazi anaifungua ndani ya siku 7 za kazi baada ya mkataba kusainiwa. Benki iwe California. Beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, namba yake ya hifadhi ya jamii na kitambulisho chako, na utamke "akaunti ya Coogan", kwa sababu mhudumu asiyeijua atakufungulia akaunti ya kawaida ya mtoto, ambayo mzazi anaweza kuchota, na hiyo haikubaliki. Usiondoke bila barua ya benki yenye namba ya akaunti. Barua hiyo ndiyo inayoambatishwa kwenye kibali cha kazi cha mtoto. Ikikosekana, kibali kinabatilika siku 10 za kazi baada ya siku ya kwanza ya ajira.

Wengi wanakwama kwenye kodi. Chukua malipo ya dola 10,000: 1,500 zinafungwa, wakala anachukua 1,000, zinabaki 7,500. Kodi haisamehi zile 1,500 kwa kuwa zimefungwa. Mzazi akishatumia 7,500 zote, msimu wa kodi unamkuta hana pa kushika, na akaunti haiguswi. Tenga kodi siku ileile malipo yanapoingia.

Shahidi_K
Mizania kaeleza vizuri, ila msisome kwamba 15 ni ya mtoto na 85 ni ya mzazi. Tangu 2000 pato LOTE ni mali ya mtoto California. Asilimia 15 ni ile sehemu iliyotiwa kufuli tu. Nyingine mzazi anaishika kwa dhamana. Pia watoto wanaopita nyuma ya waigizaji kujaza mandhari hawakatwi asilimia hiyo.

Watoto wa video za mtandaoni walikuwa nje kabisa ya ulinzi huu. Jimbo la Illinois liliwaingiza kuanzia Julai 2024, California kuanzia Januari 2025.

Mpenda_Sinema
Nimeelewa, asanteni sana. Coogan mwenyewe aliishije baada ya kesi?

Reli_ya_Zamani
Aliingia jeshini 1941, akawa rubani wa zile ndege zisizo na injini zinazovutwa kwa kamba. Machi 1944 alishusha askari usiku nyuma ya mistari ya Wajapani huko Burma, nchi ileile ambako askari wetu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki) walipigana Bonde la Kabaw baadaye mwaka huo. Baada ya vita alishika kazi ndogondogo za filamu na televisheni, hadi 1964 alipopata nafasi ya Uncle Fester kwenye The Addams Family, mzee wa kipara anayetia balbu mdomoni ikawaka. Ilirushwa hadi 1966. Alifariki Santa Monica, 1 Machi 1984, kwa maradhi ya moyo. Tazama kipindi kimoja cha Fester mara tu baada ya The Kid, uangalie macho: ni yaleyale.