Nataka kutoka kwenye mageti niingie kwenye mabomba. Nijifunze nini kwenye uchomeleaji?

Kijana_Mbagala
Wakuu, heshima kwenu. Nina miaka 22, nimemaliza kidato cha nne, na huu ni mwezi wa tisa niko karakana ya vyuma huku Mbagala. Tunatengeneza mageti na grili za madirisha. Muda mwingi fundi ananiachia grenda na rangi, mashine naishika jioni wateja wakishaondoka. Chuma kikilala nachomelea vizuri, nikikisimamisha wima uji wote wa chuma kilichoyeyuka unadondoka. Ndoto yangu ni mabomba na matanki. Nahitaji kujua nini zaidi? Na cheti ni lazima? Natanguliza shukrani.

Fundi_Mkongwe
Mdogo wangu, hiyo grenda usiidharau. Mshono juu ya kutu na rangi unatoka na matundu. Halafu kuna vipimo, ndipo wengi tunapoumia. Mwaka wangu wa pili nilichomelea geti la mita tatu upande mmoja mfululizo, pembe nyingine sijazitaki, yaani sijazishika kwanza kwa nukta ndogo za mshono. Lilipopoa lilikuwa limejikunja, halikai kwenye fremu. Tulilikata lote na hela ya vyuma ikatoka kwenye posho yangu. Siku hizi napima kona kwa kona, namba mbili zikilingana ndiyo nataki pembe zote nne, kisha nachomelea kwa kurukaruka pande ili joto lisikae sehemu moja.

Hiyo wima, joto limekuzidi. Kwa fimbo ya kuchomelea ya 2.5 mm shusha mpaka ampea 70 hivi, anza chini upande juu, fimbo iwe karibu na chuma. Tulia kidogo kila ukingo, katikati pita haraka.

Dada_Welda_Tanga
Mdogo wangu, mabomba yana mambo yake. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi hapa kwetu Chongoleani lina kilomita 1,443, na vipande vyake vinaunganishwa kwa mishono ya duara. Mshono mmoja ukivuja ni hasara kubwa, kwa hiyo huko hawaangalii uzuri wa nje, wanapiga eksirei.

Anza kwa kusoma fimbo. Kwenye fimbo namba 7018, ile 70 ni nguvu ya mshono: pauni 70,000 kwa inchi ya mraba. Ile 1 inamaanisha inafaa mikao yote. Fimbo hii haitaki unyevu hata kidogo. Ikinyonya, haidrojeni inaingia kwenye mshono na chuma kinaweza kupasuka kikiwa kimeshapoa. Ukifika vizuri, jipime kwa mkao wa 6G: bomba linafungwa kwa nyuzi 45, haligeuzwi, wewe ndiye unayelizunguka.

Na michoro! Nimeona mafundi wenye mkono mzuri kuliko wangu wakikosa kazi kwa kutojua alama za mshono kwenye mchoro.

Cheti kitafute. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na wana utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani. Ila kwenye mabomba, hata ukiwa nacho, tegemea kupimwa kwa vitendo kabla ya kupewa kazi.

Mzigo_wa_Chuma
Macho jamani. Mimi nilikuwa nataki bila kofia ya kuchomelea, najiambia ni sekunde moja tu. Saa nane usiku niliamka kama nimemwagiwa mchanga machoni. Nunua kofia yenye kioo cheusi namba 10 au 11. Na bomba la mabati usilichomelee ndani pamefungwa, ule moshi mweupe wa zinki unakulaza na homa.

Kijana_Mbagala
Nawashukuru sana. Leo jioni nimeshusha mpaka 70, wima imeshika! Nikapata moyo, nikafunga kipande cha bomba jeusi la inchi mbili kwa nyuzi 45. Juu na ubavuni pamekaa, chini bado panadondoka.

Fundi_Mkongwe
Safi sana. Chini hapo fimbo itazame juu, isogeze karibu zaidi ya ulivyozoea, na usiuache uji utanuke. Kikate hicho kipande katikati ya mshono uone ndani, kesho utuwekee picha.