Ushauri: "Mkataba" na "mkataba" ni faili moja au mbili? Nimepoteza kazi ya mteja

Wakuu, salaam. Nina steshenari, nachapa na kutoa kopi. Kompyuta yangu ilikuwa nzito, mdogo wangu akaitoa Windows akaiwekea Ubuntu (aina ya Linux), sasa inakwenda vizuri. Ila wiki hii imeniliza.

Mzee mmoja aliniletea mkataba wa kuuza shamba. Nikauhifadhi kwa jina "Mkataba shamba". Kesho yake akaleta marekebisho ya mipaka, nikayaingiza, nikahifadhi "mkataba shamba", nikiamini nimeandika juu ya ule wa mwanzo. Kumbe zikawa mbili. Nikazikata zote kuzipeleka kwenye fleshi yake. Kompyuta ikauliza kama ibadilishe iliyopo, nikakubali. Kilichobaki ni mkataba wenye mipaka ya zamani, na mashahidi walishaitwa.

Nirudi Windows? Na sisi watu wa kawaida tunafaidika nini M na m zikitofautishwa?

Fundi_Waya: Pole sana dada. Linux imerithi tabia hiyo kwa Unix, mfumo wa kompyuta wa tangu 1969. Kompyuta inaona namba tu: M ni 77, m ni 109, basi hayo ni majina mawili. Windows na Mac kwa kawaida huhifadhi jina ulivyoliandika, lakini huzihesabu M na m kuwa moja, na fleshi nyingi ziko hivyohivyo. Ajali hutokea faili zikivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Usirudi Windows kwa hili. Andika majina yote kwa herufi ndogo, mwisho weka tarehe: mkataba-shamba-2025-03-14.

Mhazili: Mimi siafiki mzigo huu kumtupia dada. Bosi akinipigia simu kusema "nitumie mkataba wa shamba", hanitajii herufi kubwa. Jina ni lile linalosikika. Kompyuta ya ofisini ingepaswa kulikataa la pili palepale.

Kipanga: Mhazili, nakuelewa, lakini nani aamue herufi ipi ni kubwa ya ipi? Kituruki kina i mbili: kubwa ya i ni İ yenye nukta, na ndogo ya I ni ı isiyo na nukta. Kanuni ya Kiingereza huko inakosea. Tena mwaka 2014 Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi za waandika programu, ilikutwa na tundu la usalama kwa sababu kwenye Windows na Mac folda ".Git" ilipita ikahesabiwa ".git", folda ya ndani ya Git yenyewe. Kwa hiyo chini kabisa mfumo ubaki mkali. Onyo litoke kwenye dirisha la kuhifadhi: "kuna jina linalofanana na hili". Dada, tangu 2019 Linux inaweza kuwa na folda isiyojali ukubwa wa herufi kwenye ext4, mpangilio wa diski ambao Ubuntu huutumia kwa kawaida. Mwambie mdogo wako aiwezeshe kwenye diski, kisha aiwashe kwenye folda ikiwa bado tupu.

Mwenye uzi: Asanteni mno. Folda ya wateja mdogo wangu ataishughulikia Jumamosi. Mkataba nimeuchapa upya usiku huu kutoka kwenye karatasi ya mzee, bahati nzuri sikuitupa. Na kuanzia leo nakopi kwanza, nafungua kwenye fleshi mbele ya mteja, ndipo nafuta.