Kahawa ya maana kabini melini bila birika la umeme, inawezekana?

Finjani

Wakuu, salaam aleikum.

Tunapanda meli ya kitalii Dubai msimu huu wa baridi, safari ya usiku 7, itapita Abu Dhabi na Muscat. Kabini ni ya ndani, tuko wawili, na mmoja wetu ni mzee ambaye asipopata kahawa baada ya swala ya alfajiri siku yake haianzi. Kanuni za meli zinakataza birika la umeme, pasi na hita ya kuchovya. Kahawa ya bufee kila anayeijua anailalamikia.

Nauliza: maji ya moto yatapatikana vipi kabini saa kumi na moja na nusu alfajiri? Kifaa gani kisichotumia umeme kinatoa kahawa nzuri kweli? Na birika dogo la safari, la wati 300 hivi, nalo linahesabika?

---

UmemeMelini

Naanza na swali la mwisho, maana ndilo linaloponza wengi. Wati haziangaliwi. Kinachoangaliwa ni kama kifaa kinapasha kitu joto. Birika la wati 300, kikombe cha USB kinachochemsha maji, hita ya kuchovya, hata mashine ndogo za espresso za betri zinazojichemshia maji zenyewe, vyote vimo kwenye marufuku. Mizigo hupita kwenye eksirei bandarini. Kifaa kikionekana, sanduku huzuiwa, unaitwa ulifungue mbele ya walinzi, na kifaa unarudishiwa siku ya kushuka. Ubaya ni kwamba sanduku lenye nguo na dawa za mzee nalo linachelewa.

Sababu ni moto, na baharini hakuna pa kukimbilia. Machi 2006 meli ya Star Princess ilishika moto karibu na Jamaika, ukapanda kutoka roshani moja ya kabini hadi nyingine, na abiria mmoja akafa. Kilichoshukiwa ni kipande cha sigara tu. Kwa hiyo msibishane na walinzi.

Kingine ambacho hukuuliza: usibebe ekstensheni yenye kinga ya umeme unaopanda ghafla. Umeme wa meli si kama wa nyumbani. Hakuna nyutro (waya wa kurudisha umeme) iliyofungwa ardhini, nyaya zote mbili zinaweza kuwa na umeme ukilinganisha na bodi ya meli. Kinga ya nyumbani ikikata waya mmoja, wa pili unabaki na umeme, na yenyewe inaweza kupata joto mpaka ikaungua. Walinzi wa Pwani wa Marekani walitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2013.

Meli za Kiingereza, kama za P&O na Cunard zinazotoka Southampton, huweka birika kabini. Huko birika la meli tumia, la kwako bado ni marufuku.

---

Kibo_AA

Ndugu Finjani, chukua AeroPress, bomba la plastiki lenye pistoni na karatasi ya kuchujia, la kukandamizia kahawa kwa mkono. Nataja jina kwa sababu melini shida kubwa ni joto la maji, na kifaa hiki kinavumilia maji yaliyopoa kidogo kuliko vingine. Maji ya bufee hayatoki yakichemka, na kila ukiyahamisha chombo yanapoteza nyuzi kadhaa. Yakifika kabini, hesabu nyuzi 80 hadi 85. Ukitumia koni ya karatasi au jagi lenye pistoni katika joto hilo, kahawa inatoka chachu na nyepesi. AeroPress inafidia kwa kuwa unasaga laini zaidi, unaloweka, halafu unasukuma kwa mkono. Alan Adler, aliyeibuni na kuitoa mwaka 2005, mwenyewe alipendekeza nyuzi 80.

Maji. Beba chupa ya chai ya chuma ya lita 1. Ile yenye kioo ndani iache nyumbani, meli ikiyumba ikaanguka imekwisha. Jaza maji ya moto, funga, subiri dakika 5, mwaga, kisha jaza tena mpaka shingoni. Watu huiruka hatua hii, nayo ndiyo inayoamua kila kitu: chupa baridi inakula joto la maji yako kabla hujafika kwenye lifti, na chupa iliyojaa nusu inapoa upesi kuliko iliyojaa. Usigusishe mdomo wa chupa na bomba la mashine. Wahudumu watakuzuia na wana haki, norovirus (virusi vya kutapika na kuharisha) ikiingia melini husambaa kwa kugusana namna hiyo. Kinga kwa kikombe safi au birika la chai la bufee, ndipo umimine kwenye chupa. Kama bomba hilohilo linatoa na kahawa, mwaga kwanza kikombe kimoja, maji ya mwanzo huwa na harufu.

Meli nyingi huacha kona ya vinywaji wazi usiku kucha hata bufee ikifungwa. Uliza siku ya kwanza iko ghorofa gani. Kadi ya kuagizia kifungua kinywa inayotundikwa mlangoni nayo inasaidia, andika wazi "birika la maji ya moto", lakini huduma hiyo mara nyingi haianzi kabla ya saa kumi na mbili, na kampuni nyingine huitoza. Kwa saa ya mzee tegemea chupa. Ukiijaza usiku kabla ya kulala, alfajiri maji yatakuwa yameshuka chini ya 80. Bado yanatumika, ila ongeza dakika moja ya kuloweka.

Kikombe kimoja:

Kahawa gramu 16, iliyosagwa karibu na ukubwa wa chumvi ya mezani. Lowesha karatasi ya kuchujia kwa maji ya moto. Weka kifaa juu ya kikombe kizito cha udongo ulichochukua bufee. Glasi nyembamba za kabini zinaweza kupasuka ukisukuma, na vikombe vya karatasi hujikunja. Chini ya kikombe tandaza taulo dogo lililolowa ili kisiteleze. Mimina maji ml 200, koroga mara 10, chomeka pistoni kidogo tu juu ili kahawa isidondoke, subiri dakika 2. Tikisa taratibu, sukuma polepole kwa sekunde 30, na uache mara unaposikia hewa inatoka. Ule mtindo wa kugeuza kifaa kichwa chini usiutumie kwenye chombo kinachoyumba, utaunguza mikono.

Ikigoma kusukumika, umesaga laini mno. Pistoni ikizama bila upinzani, umesaga nene. Ikiwa chachu, ongeza muda kwanza kabla hujaongeza kahawa. Wengi hufanya kinyume, wanapata kahawa nzito ambayo bado ni chachu.

Kahawa gani. Hapa nina msimamo. Kahawa ya Nyeri au Kirinyaga iliyokaangwa kidogo ni tunu nyumbani, lakini maji ya nyuzi 80 yanautoa uchachu wake na kuuacha utamu ndani ya makapi. Chukua iliyokaangwa wastani kuelekea nyeusi. Arabika ya Kilimanjaro inafaa sana, na ukiongeza robo ya robusta ya Kagera unapata uzito ambao maji ya meli hayawezi kuuyeyusha. Maji hayo meli huyatengeneza yenyewe kutoka baharini, kwa kuyavukiza au kuyapitisha kwenye chujio la shinikizo kubwa, kisha huyaongezea madini na klorini. Kwa meli zinazofuata kanuni za afya za Marekani, klorini lazima ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita mpaka kwenye bomba la mwisho. Madini yakiwa machache kahawa haichangamki, na klorini ikizidi utainusa kabla hujaionja.

Mizani ya jikoni haitulii meli ikiyumba, kwa hiyo pima kila kitu nyumbani. Watu 2, vikombe 2 kila mmoja, siku 7: dozi 28 za gramu 16, yaani gramu 448. Nusu kilo inatosha. Kama una kinu kidogo cha kusagia kwa mkono, beba buni nzima katika vifuko vya dozi. Kama huna, sagisha siku moja kabla ya safari na ufunge vifuko bila hewa.

---

MwanaMvita

Kibo kaeleza vizuri, ila nina wasiwasi mzee hataki kikombe cha ml 200. Kama ni mtu wa kahawa tungu ya tangawizi kwenye finjani, AeroPress haitamfaa. Unga wa tangawizi hufura ukapata ute, karatasi inaziba, na ukilazimisha kusukuma kahawa inaruka pembeni.

Tumia chupa ya pili ya nusu lita yenye mdomo mpana. Nyumbani tayarisha vifuko viwili vya kitambaa cheupe kwa kila siku. Cha kwanza kiwe na viungo: tangawizi kavu iliyopondwa vipande (siyo unga) kijiko 1 cha chai, hiliki 6 zilizopasuliwa, mdalasini kijiti kifupi, karafuu 2. Cha pili kahawa nyeusi gramu 40, iliyosagwa wastani, na usikijaze; kahawa ikilowa huvimba na lazima maji yapite katikati yake.

Pasha chupa kama alivyosema Kibo, tia kifuko cha viungo, mimina maji ya moto, funga dakika 15. Halafu ndipo utie kahawa, dakika 6, uvitoe vyote viwili. Mpangilio huo ndio siri yenyewe. Dele, birika letu la kahawa, linakaa juu ya makaa likitokota, kwa hiyo tangawizi inapata muda wake. Chupa haichemshi, inashika joto tu, na ukitia vyote pamoja utachagua kati ya tangawizi isiyosikika na kahawa iliyokaa mpaka ikawa kali kwa ubaya. Ukiacha kifuko cha kahawa ndani mpaka saa tatu asubuhi, kahawa hiyo imwage.

Chupa hiyo iwe ya kahawa tu. Mpira wa kifuniko unashika hiliki na hauiachii.

Mkifika Muscat, meli hufunga bandari ya Sultan Qaboos. Ndani ya bandari hamtembei kwa miguu, basi linawapeleka getini, na kutoka hapo soko la Mutrah liko karibu, mzee anaweza kwenda mdogomdogo kwa njia ya ufukweni. Ndani ya soko mtapata finjani, hiliki, na kahawa ya Kiomani iliyosagwa tayari. Ile ni nyepesi kuliko ya kwetu, imekaangwa kidogo na hiliki ni nyingi, haina tangawizi. Nunueni kidogo muionje kwanza. Halua nayo msiiache, kahawa tungu bila kitu kitamu pembeni inakosa mwenzake.

---

Finjani

Allah awalipe, ni tungu hasa anayotaka mzee. Ya Kibo nitaitumia mimi.

Nimebakiwa na matatu. Friji ya kabini inaweza kutengeneza kahawa baridi ya kuloweka? Mbona kikaushia nywele kinaruhusiwa na birika halina ruhusa? Na makapi tunayatupa wapi?

---

Kibo_AA

Inawezekana, na ina faida moja kubwa: unatumia maji ya chupa yenye madini, kwa hiyo klorini ya meli inabaki kwenye maji machache ya kuongezea tu. Maji nunua bandarini au melini baada ya kuangalia kanuni, kampuni nyingine haziruhusu kupanda na chupa za maji.

Kahawa gramu 100 iliyosagwa nene, maji ml 600, kwenye chupa iliyofungwa. Loweka saa 14 hadi 16. Chuja kwa kitambaa, kisha kwa karatasi ya AeroPress kidogokidogo. Kahawa inanywa maji, utabaki na takriban ml 400 za kahawa nzito. Kikombe kimoja ni ml 60 za hiyo na ml 140 za maji ya moto. Joto litakuwa nyuzi 60 na kitu, linanyweka mara moja, mradi kikombe umekipasha. Ukitaka ya baridi, weka barafu badala ya maji ya moto.

Friji nyingi za kabini ni za kupoza vinywaji tu, hazifiki baridi ya friji ya nyumbani. Imalize ndani ya siku 2, na maziwa usiyaweke humo kwa muda mrefu.

---

UmemeMelini

Kikaushia nywele mtu anakishika mkononi muda wote. Akikiweka chini anakizima. Birika mtu huliwasha akaenda kuoga. Kampuni nyingine zinaruhusu cha kwako, nyingine zinataka utumie cha kabini tu, soma orodha yao.

Makapi: kamwe msiyatie chooni wala kwenye sinki. Vyoo vya meli vinavuta kwa hewa, mabomba ni membamba, na makapi ya kahawa hujikusanya kwenye kona mpaka yakaziba. Likiziba, si choo chenu peke yake, kabini kadhaa za mstari huo zinakosa choo mpaka fundi afungue ukuta. Makapi ya AeroPress hutoka yameshikana na karibu makavu, yaacheni kwenye karatasi yakauke kidogo, fungeni kwenye mfuko, mkabidhi mhudumu wa kabini na kumwambia ni mabaki ya chakula, kwa sababu takataka za meli hutenganishwa. Vifuko vya MwanaMvita vikamueni kwanza. Kichujio na pistoni vifuteni kwa karatasi kabla ya kuvisuuza sinki, ili kinachoingia bombani kiwe maji ya rangi tu.