Mrejesho: zile siku 6 za fundi plasta

Wakuu, niliuliza kwa nini Microsoft Project, programu ya kupanga ratiba ya kazi, inaipa plasta ya nyumba yetu hapa Pasua, Moshi, nafasi ya kuchelewa siku 6, lakini nikiichelewesha siku 2 tu, rangi nayo inasogea.

Asanteni sana, nimeelewa. Nilikuwa nasoma kolamu ya nafasi ya jumla: kiasi ambacho kazi inaweza kuchelewa bila kusogeza mwisho wa mradi. Nafasi huru, ile isiyoigusa kazi inayofuata, ilikuwa 0! Kumbe siku 6 ni za mlolongo mzima, plasta, rangi, taa. Plasta ikila 2, wenzake wanabakiwa na 4.

Jana nimeongeza kolamu ya pili, ile ya nafasi huru, nikampigia fundi rangi kabla hajatoka Arusha.