Darasa la Nne: chenji anaijua, 302 − 147 inamshinda. Nifanyeje?

mwalimu_masasi

Habari za kazi, walimu wenzangu. Naomba mnisaidie kuhusu binti mmoja wa Darasa la Nne. Nina wanafunzi 83 katika chumba kimoja, ila huyu ndiye ninayelala nikimuwaza. Ukimtajia "mia moja arobaini na saba" anaandika 100407. Ukimpa 302 − 147 anakuletea 245. Nimelikagua daftari lake, nikaona habahatishi: kila safu anatoa tarakimu ndogo kwenye kubwa, iwe juu iwe chini.

Jumamosi nilimkuta sokoni anauza maandazi na bibi yake. Mteja kachukua matatu ya shilingi 200, katoa noti ya 2,000, mtoto kamrudishia 1,400 hata mimi sijamaliza kuhesabu. Kusoma nako anasoma silabi mojamoja, kwa hiyo kwenye Jiografia na Sayansi anaachwa, ingawa akisimuliwa anaelewa. Nimembakiza baada ya vipindi, nimemkaririsha jedwali la kuzidisha, wapi! Mwenzangu ananishauri arudie darasa. Roho yangu inasita.

bibi_chaki

Pole na kazi, mwanangu. Nilifundisha Hisabati miaka 31 kabla ya kustaafu, na watoto wa namna hiyo nimewapokea wengi. Usimrudishe darasa. Atarudia mwaka mzima akifanya kosa lilelile.

Anzia kwenye chenji. Na kwanza kabisa achana na neno "kukopa". Mtoto wa muuzaji anajua ukikopa unadaiwa. Sisi tunamwambia "kopa moja kwa jirani", deni halilipwi, na hiyo moja ikifika kwake imekuwa kumi. Ataelewaje? Mwambie "vunja", kama tunavyovunja noti.

Kata makaratasi: noti za elfu kumi, noti za elfu moja, sarafu za mia. Hizo tu. Kila moja ina kumi za ile inayoifuata, na ndivyo tarakimu zinavyokaa. Za 500, 2,000 na 5,000 ziweke kando, zitamvuruga. Usianze na 302, sifuri ya katikati ni ngumu kuliko zote. Anza na 352 − 127, ambapo anavunja mara moja tu. Kwenye makaratasi inakuwa ana 35,200, analipa 12,700. Kila anapovunja noti, papo hapo aandike daftarini alichokifanya. Wengi wetu hatua hiyo tunairuka, mtoto anabaki hodari wa makaratasi lakini daftari halijui. Akishazoea, mwambie afunike sifuri mbili za mwisho kwa kidole. Ataona ni hesabu ileile.

Hiyo 100407 ni jambo la masikio. Sitini, sabini na tisini zinasikika kama ndugu wa sita, saba na tisa. Lakini arobaini ina nne wapi? Ishirini ina mbili wapi? Mtoto anaandika anachokisikia. Wangu walikuwa wakisema "makumi manne na saba" kwa wiki mbili tatu, wakishaishika ndipo wanarudi kwenye arobaini na saba. Mkaguzi mmoja aliniuliza hicho ni Kiswahili gani. Nikamwonyesha madaftari. Tengeneza pia kadi za 100, 40 na 7 zenye urefu tofauti, ili 40 ikilazwa juu ya 100 ifunike sifuri mbili, na 7 ifunike iliyobaki. Aione 147 ikijitengeneza mbele yake.

mwl_elimu_maalumu

Bibi amemaliza upande wa Hisabati. Mimi nilisomea elimu maalumu Chuo cha Ualimu Patandi, naongezea machache. Mpime macho na masikio kabla ya yote. Msomeshe ubaoni akiwa amekaa mbele, kisha akiwa mbali, uone kama kuna tofauti.

Kwenye Jiografia usimfundishe kwa kunakili ubaoni. Akimaliza kunakili nguvu zote zimeisha, na hajui alichoandika. Mnasoma mmomonyoko wa udongo? Nyuma ya shule hamkosi korongo. Wapeleke, waone mizizi iliyobaki wazi, halafu yeye achore na kuweka maneno matatu tu. Neno gumu mpe siku moja kabla, alipige makofi kwa silabi: m-mo-mo-nyo-ko. Ukimpima, muulize kwa mdomo uandike majibu yake, vinginevyo unapima kusoma na kuita Jiografia.

Na mwone afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu mapema ili mtoto afanyiwe utambuzi. Kwenye mitihani ya taifa, watahiniwa wenye mahitaji maalumu huongezewa dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine, lakini lazima awe ameorodheshwa.

kaka_mwalimu

Yote mazuri. Ila watoto 83, muda wa kukaa na mmoja unatoka wapi?

bibi_chaki

Hakai na mmoja, mwanangu. Apange madaftari kwa aina ya kosa, siyo kwa alama. Wenye 245 hawezi kuwa yeye peke yake. Awachukue hao dakika kumi kabla ya mstari wa asubuhi.

mwalimu_masasi

Shikamoo bibi, nimerudi kuwapa taarifa. Wenye 245 walikuwa tisa! Wawili kati yao sikuwahi kuwafikiria, maana kwenye majaribio wanapata alama za wastani. Tumekwenda wiki tatu. Macho yake mazima, na Ijumaa nakwenda halmashauri.

100407 bado inajitokeza akiwa na haraka, kadi hajaziacha. Lakini jana nilimpa 302 − 147. Akapanga noti zake, akatulia, akaniangalia. "Mwalimu, za elfu sina hata moja. Nivunje kwanza ya elfu kumi?" Nikamwambia vunja. Akaandika 155.

Sasa niambieni, kwenye kugawanya naanzia wapi?